Uchambuzi wa kisa: Daftari la malalamiko 41

Kisa hiki, cha uchovu wa mtu anayebeba malalamiko ya wenzake, kimetoka katika mji mmoja wa pwani mkoani Tanga. Jina la mji, mtaa na mwaka vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mhusika anaitwa hapa Bi Z. Kimeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, viongozi wa vikundi vya wafanyabiashara wadogo na maofisa ustawi wa jamii, na pia kwa yule mtu mmoja ambaye kila mtaa unaye: mambo yakiharibika, simu zote huishia kwake.

## Usuli

Bi Z ana miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili. Anauza vitumbua na chai kando ya barabara inayoingia stendi. Mchele kilo 3 huloweka asubuhi, jioni unasagwa na tui la nazi na hamira, rojo linaumuka usiku, na saa 10 alfajiri mkaa unawashwa. Saa 3 asubuhi biashara imekwisha. Faida ya siku ndiyo chakula cha siku, na kila Jumamosi kuna rejesho la kikoba.

Mbali na biashara alikuwa na kofia nyingine mbili. Alikuwa katibu wa kikundi cha wauzaji wa barabara ile, na alikuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea chini ya taasisi iliyosajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria kama mtu wa kutoa elimu, ushauri na maelekezo. Kumwakilisha mtu mahakamani si kazi yake. Watu wengi mtaani hawaijui mipaka hiyo. Kwao, aliyesomea sheria wiki chache ni wakili tu, na akisema "hilo siliwezi" wanaona anaringa.

Wauzaji walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba wahamie eneo jipya nyuma ya soko. Eneo lenyewe lilikuwa na vizimba 28. Waliotakiwa kuhama walizidi sitini.

## Mfuatano wa matukio

Wiki ya 1, Alhamisi saa 12 na robo asubuhi, mgambo walifika na gari. Meza zilipinduliwa, majiko na mizani vilipakiwa bila orodha wala stakabadhi. Mzee mmoja muuza machungwa alilishikilia toroli lake, akasukumwa, akaanguka, mkono ukavunjika. Bi Z alikuwa hatua kama kumi na tano kutoka pale, simu mkononi. Alirekodi dakika 3 na sekunde 40. Vijana wa bodaboda ndio waliomwinua mzee. Kituo cha polisi ilifunguliwa RB (namba ya taarifa), PF3 (fomu ya polisi ya kupatiwa matibabu) ikachukuliwa, mzee akafungwa plasta siku hiyohiyo.

Jioni ile video ilikuwa imefika kila mahali. Bi Z alikuwa ameituma kwenye makundi mawili tu ya WhatsApp.

Kati ya wiki ya 2 na ya 7 zilifuata operesheni nyingine mbili. Malalamiko yote yaliingia kwenye kaunta buku moja, la Bi Z, kwa mwandiko wa Bi Z: yalifika 41. Jumbe za sauti zilikuwa zinafika sitini kwa siku, nyingi za usiku, kwa sababu watu hupata nafasi ya kulalamika wakishalaza watoto. Kila lalamiko alilisikiliza hadi mwisho, na barua zote alizipeleka kwa miguu yake mwenyewe, kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa hadi kwa mtendaji wa kata na ngazi za juu. Jibu lilikuwa lilelile: "Acha hapo, utaitwa."

Kufikia wiki ya 7 alikuwa analala kwa saa tatu tu kila usiku. Usiku aliicheza ile video tena na tena akitafuta sura za watu, na kila akiitazama alikuwa anaangalia kona moja tu, ile ambayo mzee anaanguka. Akisikia mlio wa gari la dizeli asubuhi, moyo unamwenda mbio na mikono inaloa jasho. Vitumbua vilianza kuungua upande mmoja. Mtoto wa miaka sita alipigwa kwa kumwaga sukari, jambo ambalo halikuwa kawaida ya nyumba ile. Alikosa vikao viwili vya kikoba.

Dalili iliyomtisha mwenyewe ilikuwa nyingine. Binti wa yule mzee alikuja kulia mbele yake, naye akajikuta hahisi chochote, anatazama tu saa ya ukutani. "Moyo umekufa ganzi," alisema baadaye. Aliona amekuwa mtu mbaya.

## Hatua tatu za mwanzo, zote zilikwenda kombo

Wiki ya 8 msimamizi wake wa usaidizi wa kisheria alimpa mapumziko ya wiki mbili. Alikwenda kwa dada yake wilaya ya jirani. Simu alikwenda nayo, na kaunta buku pia, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa alishike. Simu ziliendelea, sasa zikiwa na nyongeza: "Umetukimbia?" Wiki mbili bila vitumbua ni wiki mbili bila fedha, na marejesho mawili yalilala. Alirudi na deni na usingizi uleule.

Wiki ya 10 kikundi kiliitisha kikao cha watu 12 cha "kutoa ya moyoni". Kila mmoja alitakiwa kusimulia alichokiona, mwanzo hadi mwisho. Kikao kilikwenda saa mbili na nusu. Bi Z alitoka nje alipofikiwa mtu wa tano. Watatu kati ya waliobaki walisema kesho yake kwamba hawakulala, na mmoja wao hakuwepo kabisa siku ya operesheni ile ya kwanza. Alibeba picha za wenzake.

Wiki hiyohiyo jirani alimpa diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, vidonge vilivyobaki vya mgonjwa mwingine. Alimeza usiku mmoja, akaamka saa 1 asubuhi, mkaa haujawashwa, wateja wameshapita. Alivitupa. Ilikuwa bahati. Dawa hiyo huzoeleka ndani ya wiki chache, na Shirika la Afya Duniani linashauri isitumiwe kama tiba ya msongo unaofuata tukio la kutisha.

Katikati ya hayo mama yake alimwita maalim akamsomea. Usiku ule alilala saa tano mfululizo. Timu iliyokuja kumsaidia haikuona sababu ya kulizuia jambo hilo, na kisomo kiliendelea kila Alhamisi.

## Tathmini ya wiki ya 11

Timu ilikuwa ya watu watatu: afisa ustawi wa jamii, muuguzi mwenye mafunzo ya afya ya akili kutoka kituo cha afya, na msimamizi wa wasaidizi wa kisheria. Walianza na mwili. Hili husahaulika mno, kwa sababu mtu akishakuwa na kisa kikubwa kila dalili hupachikwa kwenye kisa. Shinikizo la damu lilikuwa la kawaida, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, hana mimba. Kiwango cha damu (hemoglobini) kilikuwa 9.6. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu wa damu. Sehemu ya uchovu wake, na ya mapigo ya moyo, ilikuwa upungufu wa madini ya chuma. Alikuwa anashinda kwa chai ya rangi na vitumbua viwili, na chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Alipewa vidonge vya chuma na maelekezo: chai ikae mbali na kidonge na mlo kwa saa moja au mbili, matembele na dagaa visindikizwe na ndimu au chungwa.

Kisha dodoso la PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Alipata 13, yaani sonona ya kiwango cha kati. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, liliulizwa kwa sauti na kwa maneno ya wazi. Jibu lilikuwa "hapana kabisa", na muuguzi aliliuliza tena wiki iliyofuata. Ilikubaliwa mapema kwamba jibu likibadilika, au akiacha kula, au akianza kusikia na kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, hakuna kusubiri kikao: ni hospitali ya wilaya siku hiyo, na ikibidi Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Swali lililofungua kisa halikuwa kwenye dodoso. Afisa ustawi alimwambia agawe mzigo wake mafungu matatu: alichokiona, anachokibeba, na alichokifanya au kuacha kufanya. La kwanza Bi Z alilimaliza kwa sentensi mbili. La pili lilichukua nusu saa. Kwenye la tatu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Nilishika simu badala ya kumshika mzee."

## Mpango wa wiki sita

Kaunta buku lilitolewa kwake siku ya kwanza, mbele ya kikundi, ili asije akaambiwa amelitelekeza. Liligawiwa kwa watu watatu. Laini mpya ya simu ilinunuliwa kwa fedha za kikundi, ikawekwa kwenye simu ndogo ya batani. Inawashwa saa 10 alasiri, inazimwa saa 12 jioni, na anayeishika hubadilika kila wiki. Jumbe za sauti hazipokelewi, kwani simu yenyewe haina uwezo huo, na ndiyo sababu iliyochaguliwa. Mlalamikaji anasema, mpokeaji anaandika mistari saba: jina, tarehe na saa, kitu kilichochukuliwa, idadi, thamani, shahidi, namba ya RB au stakabadhi kama ipo. Simu moja haikuzidi dakika nane.

Malalamiko 41 yalichambuliwa upya mezani. Kumi na saba yalikuwa ya mali inayotajika: jiko, mizani, sufuria, mwavuli. Matatu yalikuwa ya majeraha na yalikuwa na PF3. Ishirini na moja yalikuwa ya matusi, kudhalilishwa, hofu, biashara iliyokufa. Machungu ya kweli, lakini hayakuwa na kitu ambacho kikundi kingeweza kukidai kesho asubuhi. Haya 21 yaliunganishwa kwenye barua moja ya pamoja. Yale ya majeraha yalikabidhiwa kwa wakili wa msaada wa kisheria. Yale 17 ndiyo kikundi kilichoyakomalia.

Video ilishughulikiwa peke yake. Faili halisi lilinakiliwa kwenye flashi mbili kwa waya kutoka kwenye simu. Moja ilibaki kwa wakili na nyingine kwa msimamizi, kila moja ndani ya bahasha yenye tarehe na saini. Video iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa na kupoteza taarifa za saa na kifaa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka kuangaliwa jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa. Bi Z aliandika maelezo ya ukurasa mmoja, akasaini, kisha video ikafutwa kwenye simu yake mbele ya wakili. Tangu hapo hakuwa na sababu ya kuitazama. Kwenye WhatsApp alizima upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe, makundi mawili yakanyamazishwa. Kikundi nacho kilionywa kuacha kuisambaza kwa maandishi ya kumtaja mtu kwa jina, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Kwa usingizi, ushauri wa vitabuni wa "lala kwa saa nane" haukumfaa mtu anayewasha mkaa saa 10 alfajiri. Walipanga hivi: simu inachajiwa sebuleni kuanzia saa 2 usiku, kitandani saa 3, na usingizi usipokuja ndani ya dakika ishirini anaamka, anakaa kwenye mkeka, hata kuchambua mchele, mpaka macho yawe mazito. Baada ya adhuhuri analala dakika 20, si zaidi. Alirudi kwenye vitumbua wiki ya kwanza ya mpango, kwa kilo moja na nusu ya mchele, kwenye baraza la nyumba ya shangazi yake.

Lile fungu la tatu lilichukua vikao vinne. Kumwambia "huna kosa" alishaambiwa na kila mtu, na kila alipoambiwa alinyamaza. Muuguzi alifanya jambo gumu zaidi: waliirudia dakika ile polepole bila video. Alisimama wapi, nani alikuwa kati yake na mzee, angefika kwa sekunde ngapi, angefanya nini akifika. Ilionekana kwamba mzee alianguka kabla mtu yeyote wa umbali ule hajaweza kumfikia. Ilionekana pia kwamba baada ya kuanguka aliendelea kurekodi kama dakika moja ambayo angeweza kwenda. Hilo halikufichwa wala kupakwa sukari. Muuguzi alimuuliza tu: sasa ungependa kulifanyia nini?

Alikwenda kumjulia hali mzee, na kaka yake na kilo mbili za sukari. Alipomaliza shikamoo akajaribu kuomba radhi. Mzee alimkatiza: "Mwanangu, hiyo picha yako inaonyesha nani kaondoka na toroli langu?" Ilikuwa inaonyesha. Lalamiko la toroli likawa la kwanza katika yale 17.

## Matokeo

Wiki ya 17 alama za PHQ-9 zilikuwa 6 na damu 11.4. Usingizi ulifika saa sita kwa siku nyingi. Mlio wa gari la dizeli bado ulimshtua, ila alikuwa anamaliza kumimina rojo kabla ya kugeuka.

Kati ya wadai 17, 11 walirudishiwa vitu vyao, toroli likiwemo, likiwa halina gurudumu moja. Wanne waliambiwa vyao havionekani. Wawili walikuwa bado wanazungushwa. Shauri la majeraha lilikuwa halijasikilizwa, barua ya pamoja haikujibiwa, na hakuna aliyewajibishwa kwa mkono wa mzee. Bi Z alijiuzulu ukatibu. Usaidizi wa kisheria aliendelea nao kwa sharti la mashauri manne kwa wakati mmoja, na hata moja lisiwe la barabara ile.

## Uchambuzi

Uchovu wa namna hii hutajwa kwa neno moja, na hapo ndipo makosa huanzia. Christina Maslach, aliyeanza kuutafiti uchovu wa watoa huduma tangu miaka ya 1970, aliugawa pande tatu: kuishiwa nguvu, ubaridi kwa watu unaowahudumia, na kuona kazi yako haina faida. Ule ubaridi wa Bi Z mbele ya binti anayelia ulikuwa upande wa pili. Laiti msimamizi angelijua hilo wiki ya 5, angeweza kumweleza kwamba ganzi ni dalili ya moyo uliofanyishwa kazi kupita kiasi, na angemwondolea mzigo mmoja kati ya mingi: ule wa kujiona mbaya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautaja uchovu huu kama hali itokanayo na kazi, haiuiti ugonjwa. Kwa maana hiyo kazi yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, kabla ya mtu.

Mapumziko yalishindikana kwa sababu yalimwondoa mtu na kuuacha mpangilio ulivyo. Daftari moja, simu moja, mtu mmoja: angekwenda hata Mafia, vingemfuata. Tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyu alibeba makanda 41 na moja lilikuwa la kwake, kwani naye meza yake ilipinduliwa. Alikuwa mwathirika, shahidi na msaidizi katika jambo lilelile. Taasisi nyingi za msaada wa kisheria hazina kanuni inayozuia hilo, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote ya kisa hiki. Msaidizi aliyeguswa na shauri akabidhi shauri, siku ileile, kwa maandishi.

Kikao cha kutoa ya moyoni kilikuwa na nia njema. Lakini kumtaka kila mtu asimulie tukio la kutisha kwa undani, mara moja, bila ufuatiliaji, ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limeshauri lisifanywe. Baraza la kahawa linajua zaidi: watu hukaa, anayetaka kusema anasema, asiyetaka anacheza bao, na hakuna anayelazimishwa zamu.

Kuyagawa malalamiko kwa kigezo cha "lina mwisho au halina" kulizaa ugomvi. Baadhi ya wale 21 waliona machungu yao yamewekwa kapuni, na wawili walijitoa kwenye kikundi. Walikuwa na hoja. Barua ya pamoja ilipaswa kusomwa mbele yao kabla ya kupelekwa, na haikusomwa, haraka tu. Hata hivyo bila mgawanyo ule wadai 11 wasingepata vitu vyao, na Bi Z asingeona hata jambo moja linafika mwisho baada ya wiki kumi za "utaitwa".

Maneno ya faraja nayo yana saa zake. "Mwachie Mungu" likitoka kwa mama yake baada ya barua kupelekwa lilimtuliza. Neno hilohilo likitoka kwa mtu aliyetaka barua zisimame lilimwasha. "Jikaze" halikumsaidia saa yoyote.

Kisha kuna kijana wa miaka 22, mmoja wa wale watatu waliokabidhiwa daftari. Mpango ulimpangia zamu, fomu na muda wa kuzima simu. Haukumpangia mtu wa kumuuliza hali. Wiki ya 15 aligundulika kwamba huwaachia wapigaji namba yake binafsi "kwa dharura", na alikuwa anapokea hadi saa 6 usiku. Alishaanza kukosa usingizi. Tangu hapo anayeishika ile simu hukaa na msimamizi nusu saa kila Ijumaa baada ya swala, na swali la kwanza huwa ni kama kuna mpigaji yeyote mwenye namba yake nyingine. Wiki ya 19 gari la mgambo lilirudi barabarani. Watu wawili walirekodi, wanne walikuwa wamepangiwa kutorekodi kabisa, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa iliandikwa palepale kabla gari halijawashwa.